Umeanza kozi nyingine, moyo uko jukwaani: njia za kuhamia mafunzo ya maigizo ya muziki

Kijana ameingia chuoni kusomea ualimu, kilimo, uhasibu au manunuzi. Ada imelipwa kwa mahindi yaliyouzwa, ng'ombe aliyetolewa zizini au mchango wa ndugu. Katikati ya mwaka wa kwanza anagundua kwamba anachokitaka hasa ni kuimba, kuigiza na kucheza jukwaani. Wengine walijua tangu wakiwa kwaya ya kanisani, madrasa au kikundi cha ngoma shuleni, ila hawakujua kama fani hiyo ina chuo.

Makala hii inaeleza mafunzo hayo yanapatikana wapi, taratibu za kuhama zikoje, mkopo unakuwaje, usaili unaandaliwaje na mzazi aambiwe nini. Maelezo mengi yanahusu Tanzania, na mwishoni kuna sehemu fupi kwa wasikilizaji wa Kenya na Uganda. Masharti ya udahili hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo soma pia mwongozo wa mwaka unaoomba.

Igizo la muziki ni nini?

Igizo la muziki ni mchezo wa jukwaani ambao hadithi yake husogezwa na maneno, nyimbo na dansi kwa pamoja. Wimbo hauwekwi ili watu wapumzike. Mhusika anapofika mahali ambapo maneno ya kawaida hayatoshi, anaimba. Mwigizaji wa aina hii hujifunza kazi tatu: kuigiza, kuimba na kucheza.

Mfano unaojulikana sana duniani ni The Lion King, igizo lililofika majukwaa ya Broadway, New York, mwaka 1997 baada ya filamu ya mwaka 1994. Majina ya Simba, Rafiki na Pumbaa yametoka katika Kiswahili. Afrika Kusini ilitoa King Kong mwaka 1959, na mwaka 1987 Mbongeni Ngema akatoa Sarafina!, igizo la wanafunzi wa Soweto lililofanywa filamu mwaka 1992. Kenya, mwaka 1977, wanakijiji wa Kamiriithu walicheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, mchezo wenye nyimbo na ngoma nyingi. Serikali ya wakati huo iliupiga marufuku, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini.

Kwetu Tanzania jambo hili si geni. Ngoma za unyago na za mavuno zina wimbo, hadithi na wahusika. Ngano za usiku zina kiitikio ambacho wasikilizaji wote hukiimba. Vikundi vya utamaduni kama Muungano na Tanzania One Theatre, maarufu kama TOT, vilijaza kumbi katika miaka ya 1990 kwa kuchanganya ngoma, taarab, kwaya, sarakasi na maigizo katika onyesho moja. Kijana aliyekulia katika mambo hayo ana msingi tayari. Anachokosa ni mafunzo ya kuupangilia.

Mafunzo yanapatikana wapi?

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba vyuo vyetu kwa kawaida havitoi kozi yenye jina la "maigizo ya muziki". Mwanafunzi husoma sanaa za maonyesho au muziki, kisha huongeza upande wa pili kwa masomo ya kuchagua, vikundi na maonyesho ya chuo. Ukitafuta jina hilo tu kwenye simu utadhani hakuna chuo, wakati vipo.

Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuwa taasisi chini ya jina la sasa mwaka 2007. Ni ya serikali, na inatoa mafunzo ya ngazi ya cheti na stashahada. Muziki, ngoma na maigizo hufundishwa mahali pamoja, na ndiyo sababu watu wengi hukitaja chuo hiki kwanza. Pia huandaa tamasha la sanaa na utamaduni la kila mwaka, ambapo mtu anaweza kwenda kuona kazi za wanafunzi kabla hajaamua.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa hapo katika miaka ya 1960. Katika historia ya idara hiyo wamo waandishi wa tamthilia kama Ebrahim Hussein, mwandishi wa Kinjeketile, pamoja na Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba. Kuna shahada ya sanaa za maonyesho na shahada ya muziki.

Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada inayounganisha maigizo na filamu. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, mkoani Arusha, kinajulikana kwa shahada ya muziki. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kinachojulikana kwa kufundisha taarab na ala zake kama udi, kanuni na fidla.

Uchaguzi kati ya cheti, stashahada na shahada hautegemei heshima ya jina peke yake. Cheti na stashahada huwa na vitendo vingi. Shahada huongeza nadharia, historia, uandishi na utafiti, na hufungua mlango wa kufundisha vyuoni na kazi zinazodai digrii.

Vigezo vya kujiunga

Kwa kozi za cheti zinazosimamiwa na NACTVET, msingi ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, masomo ya dini yakiwa hayahesabiwi. Ngazi huanza na cheti cha awali, NTA ngazi ya 4, kisha ngazi ya 5, na stashahada ni ngazi ya 6.

Kwa shahada, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, mhitimu wa kidato cha sita wa miaka ya karibuni huhitaji kufaulu masomo mawili kwa kiwango cha prinsipali, yaani alama A hadi E, yenye jumla ya pointi 4.0. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Anayetoka stashahada huhitaji wastani, yaani GPA, usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Huo ni msingi wa jumla, na kila programu huweza kuongeza masharti yake.

Hii ina maana kwamba aliyekwisha kuingia chuo kikuu kwa kozi nyingine mara nyingi ana sifa za kuingia sanaa. Kinachobaki ni nafasi, muda na utaratibu.

Njia tano zilizopo

1. Kubaki ulipo na kujifunza pembeni

Unamaliza kozi uliyoanza, huku ukijiunga na kwaya, kikundi cha ngoma au klabu ya maigizo ya chuo. Ikiwa chuo chako kina idara ya sanaa, uliza kama unaruhusiwa kuchukua somo la kuchagua huko. Njia hii haipotezi ada wala mkopo. Inamfaa aliyebakiza mwaka mmoja au miwili, na ambaye kozi yake inaweza kumsaidia baadaye. Mwalimu anayejua muziki na maigizo ana nafasi shuleni, na mhasibu anayejua sanaa anaweza kusimamia kikundi. Ugumu wake ni uchovu na ratiba, kwa sababu mazoezi ya onyesho mara nyingi huangukia karibu na mitihani.

2. Kuhama programu ndani ya chuo hicho hicho

Vyuo vikuu huruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kubadili programu katika kipindi maalumu, kwa kawaida wiki za mwanzo za muhula wa kwanza. Lazima uwe na sifa za programu mpya na lazima nafasi iwepo. Dirisha likifungwa, utasubiri mwaka mwingine. Usingoje matokeo ya mtihani wa kwanza ndipo uanze kuuliza. Nenda ofisi ya udahili mara tu unapoona moyo hautulii.

3. Kuhamia chuo kikuu kingine

Hapa vyuo vyote viwili vinahusika, na uhamisho hupitia utaratibu wa TCU. Ukiwa umesoma mwaka mzima, unaweza kuomba masomo uliyofaulu yahesabiwe. Kwa mfumo wetu, mwaka mmoja wa shahada una krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ina krediti 360. Krediti moja ni saa 10 za kusoma kwa ujumla, ukijumlisha darasa, mazoezi na kujisomea.

Usitarajie krediti zote 120 zihamie. Masomo ya jumla kama stadi za mawasiliano na taaluma za maendeleo yana nafasi nzuri ya kukubaliwa, kwa sababu hufundishwa karibu kila programu. Uhasibu wa gharama au kemia ya udongo hauna mwenzake katika sanaa za maonyesho. Kwa hiyo anayetoka fani ya mbali ajiandae kuanza mwaka wa kwanza upya.

4. Kuacha na kuanza cheti au stashahada ya sanaa

Wengine huona kurudi ngazi ya cheti ni kushuka. Kwa fani ya vitendo, inaweza kuwa ndiyo njia fupi ya kufika jukwaani, na mwenye stashahada nzuri anaweza kupanda hadi shahada. Lakini hesabu miaka yako. Aliyesoma shahada mwaka mmoja, kisha akaanza cheti hadi stashahada, kisha shahada ya miaka mitatu, atakuwa ametumia miaka mingi kuliko aliyeomba shahada ya sanaa moja kwa moja. Uliza pia kama chuo kinaruhusu mwenye sifa za juu kuanzia ngazi ya juu kidogo.

5. Kumaliza kwanza, kisha kuongeza

Mwenye shahada ya fani nyingine anaweza baadaye kusoma kozi fupi, stashahada au, pale idara inapomkubali, shahada ya uzamili inayohusu sanaa. Wanaochagua njia hii mara nyingi ni wale wanaotegemewa nyumbani. Wanapata ajira, wanawasomesha wadogo zao, kisha wanajilipia wenyewe.

Usiondoke kimya kimya

Hili ndilo linaloumiza wengi. Mwanafunzi anaacha kuhudhuria, anarudi kijijini au anaenda kujiunga na kikundi mjini, akidhani habari imeisha. Chuoni jina lake bado lipo. Anahesabiwa mtoro, anafeli masomo yote ya muhula, na mwaka unaofuata anapoomba chuo kingine maombi yake yanaweza kukwama kwa sababu mfumo unaonyesha tayari ni mwanafunzi mahali fulani.

Kuna njia mbili za kuondoka kwa utaratibu. Ya kwanza ni kuahirisha masomo: unaandika barua, unapewa ruhusa kwa muda, nafasi yako inabaki. Ya pili ni kujiondoa rasmi: unaandika barua ya kuacha nafasi na kupata jibu la maandishi. Tunza nakala ya barua zote pamoja na matokeo ya masomo uliyofanya, na zipige picha kwa simu. Chuo kipya huenda kikazihitaji.

Kama hujaamua kabisa, kuahirisha ni salama zaidi kuliko kujiondoa. Hata hivyo uliza kuahirisha kunaruhusiwa kwa muda gani na kwa sababu zipi, kwa kuwa kila chuo kina kanuni zake.

Mkopo wako utakuwaje?

Kwa anayesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, kuna mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, fedha uliyokwisha kuipokea ni deni lako hata kama hukumaliza kozi. Ukiajiriwa, makato ya mkopo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Pili, mkopo hutolewa ukiwa umeunganishwa na chuo na programu yako. Ukihama, taarifa zako za mkopo nazo lazima zihamishwe. Kabla hujasaini fomu yoyote ya uhamisho, nenda kwa afisa mikopo wa chuo chako na umuulize maswali haya: mkopo utanifuata? Utafunika miaka yote ya programu mpya, au miaka iliyobaki tu? Kiwango cha ada kitabadilika?

Tatu, kwa ngazi ya stashahada mikopo hulenga fani za kipaumbele zinazotajwa kwenye mwongozo wa mwaka husika. Soma kama fani yako imo kabla ya kuacha shahada yenye mkopo na kwenda stashahada utakayolipia mfukoni.

Kaa na karatasi, andika safu mbili. Safu ya kwanza: ukibaki, ni miaka mingapi, ada kiasi gani, chumba, chakula, nauli. Safu ya pili: ukihama, hayo hayo. Ongeza vitu ambavyo mafunzo ya sanaa hudai, kama mavazi ya mazoezi, vifaa, na nauli ya kwenda kwenye maonyesho. Tofauti kati ya safu hizo mbili ndiyo gharama halisi ya uamuzi wako, na ndiyo utakayomweleza mzazi.

Kujiandaa kwa usaili

Chuo cha sanaa kinaweza kukuita uonyeshe unachoweza. Hata kisipokuita, maandalizi haya yatakusaidia mwaka wa kwanza.

Wimbo. Andaa nyimbo mbili zenye hali tofauti, mmoja wa taratibu na mwingine wa kuchangamka, kila mmoja wa dakika moja na nusu hadi mbili. Chagua zinazokaa ndani ya sauti yako. Wengi huharibu kwa kuchagua wimbo wa msanii maarufu wenye sauti za juu kupita uwezo wao. Wimbo wa asili wa kwenu, ukiimbwa kwa usafi, unaweza kukuonyesha vizuri zaidi.

Pumzi. Simama wima, weka mkono tumboni, vuta pumzi hadi mkono usogee mbele, mabega yasipande. Toa pumzi polepole kwa sauti ya "sss" ukihesabu moyoni. Anza na hesabu ya 15, ongeza kidogo kidogo kila wiki. Mwimbaji anayecheza huku akiimba huhitaji pumzi kuliko anayesimama tu kwenye kwaya.

Kusoma muziki. Aliyepita kwaya za makanisa mengi anajua sol-fa, zile herufi d, r, m, f, s, l, t. Huo ni mtaji mkubwa. Vyuoni utakutana pia na nota za mistari mitano. Mwenye kujua sol-fa huzielewa haraka zaidi kwa sababu sikio lake linajua umbali kati ya sauti na sauti.

Igizo. Kariri maneno ya mhusika mmoja kutoka tamthilia ya Kiswahili, ya dakika mbili hivi. Tamthilia ulizosoma sekondari zinafaa. Jiulize: mhusika huyu anataka nini, na nani anamzuia? Jibu hilo litakuzuia kupiga kelele bila sababu.

Mwendo. Andaa hatua za ngoma unayoijua vizuri. Wasaili hutazama kama unasikia mapigo na kama unaweza kujifunza hatua mpya papo hapo. Mazoezi ya kuiga hatua za mtu mwingine ni muhimu kuliko kuongeza mbwembwe.

Kutunza koo. Kunywa maji ya kutosha, lala vya kutosha, na usipige kelele uwanjani siku moja kabla ya usaili. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki mbili au tatu, nenda hospitali. Kuimba juu ya koo lililoumia huzidisha tatizo.

Simu yako ni mwalimu mzuri. Jirekodi ukiimba, kisha sikiliza kesho yake, si saa ile ile. Utasikia pale unapoacha sauti sahihi na pale maneno yasipoeleweka.

Kuzungumza na wazazi

Kwa familia nyingi za vijijini, mtoto aliyefika chuo ni tegemeo la nyumba nzima. Mzazi akisikia "naacha uhasibu niende kuigiza", anachosikia ni kwamba shamba lililowekwa rehani limepotea. Hofu hiyo ni ya haki na haijibiwi kwa hasira.

Usiseme kwa ujumbe mfupi wa simu. Nenda nyumbani ukiweza. Kama kuna baba mdogo, shangazi au mjomba anayesikilizwa, mweleze kwanza, aombe nafasi ya mazungumzo. Baada ya kusalimia ipasavyo, anza na shukrani, kisha hesabu, kisha ndoto. Unaweza kusema hivi: "Baba, mama, najua mlichouza ili mimi nisome. Sikuja kuomba kuacha shule. Nimekuja kuwaonyesha chuo kingine, ada yake, miaka yake na kazi zinazopatikana. Naomba mnisikilize, kisha mniambie mnaonaje."

Beba mwongozo wa chuo, barua au matokeo. Mzazi akiuliza "utakula nini?", uwe na jibu la kweli. Akisema subiri mwaka mmoja, fikiria kuahirisha au kujifunza pembeni kabla ya kuvunja uhusiano. Na akikataa kabisa, njia ya kwanza na ya tano bado zipo.

Kwa mzazi anayesoma makala hii: muulize mtoto maswali magumu, lakini pia mwombe aimbe au aigize mbele yako. Wazazi wengi hawajawahi kuona kazi ya mtoto wao. Mtoto anayefeli kozi asiyoitaka miaka mitatu naye ni hasara.

Kazi zipo wapi?

Ukweli usemwe: kumbi za maigizo ya muziki nchini ni chache, na anayetegemea tiketi za jukwaani peke yake atapata shida. Wanaoishi kwa fani hii huunganisha kazi kadhaa.

Ufundishaji ni mojawapo. Baadhi ya shule za sekondari hufundisha muziki na sanaa za maonyesho, na shule nyingi huhitaji walimu wa kwaya na vikundi. Ukilenga ajira ya ualimu serikalini, hakikisha kozi yako inakupa sifa ya ualimu pia.

Redio ni nyingine. Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, ulibeba elimu ya uzazi wa mpango na UKIMWI kwa njia ya hadithi, na uliwahitaji waandishi na waigizaji wa sauti. Leo kuna pia matangazo ya biashara na kazi ya kuingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia za nje.

Ya tatu ni sanaa kwa maendeleo ya jamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, kutumia ngoma na maigizo kujadili matatizo ya kijiji. Mwaka 1996 ulianza mradi wa Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari walitumia sanaa kueleza yanayowakwamisha kimasomo. Mashirika ya afya, mazingira na haki za watoto bado huajiri vikundi vya aina hii, na mara nyingi kazi hizo hufanyika vijijini.

Pia kuna filamu, ushereheshaji, uimbaji wa hotelini, na usimamizi wa matamasha. Anayefanya kazi za sanaa kwa malipo ajisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na ajue haki zake za kazi alizotunga.

Tahadhari

Hakikisha chuo kimesajiliwa. Vyuo vikuu tazama tovuti ya TCU, tcu.go.tz. Vyuo vya cheti na stashahada tazama NACTVET, nactvet.go.tz.

Usitume fedha kwa mtu binafsi anayedai atakupitisha kwenye usaili au kukupatia ufadhili wa kwenda Marekani au Uingereza. Malipo halali ya chuo cha serikali hutolewa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na risiti ipo.

Rushwa ya ngono ni kosa la jinai. Mwalimu, mwongozaji au mtayarishaji akidai mwili wako ili akupe nafasi au alama, piga simu TAKUKURU namba 113, bila malipo. Tunza ujumbe wote aliokutumia. Mazoezi ya jukwaani yanaweza kuhitaji kugusana, kama kushikana mikono au kubebana katika dansi, lakini hayo hufanyika mbele ya wengine na kwa makubaliano. Anayekuita peke yako chumbani usiku kwa "mazoezi" hana hoja ya kitaaluma.

Kwa wasikilizaji wa Kenya na Uganda

Kenya, wanafunzi waliopangiwa vyuo na KUCCPS hufunguliwa dirisha la uhamisho, na lazima uwe umefikia pointi za kozi unayoitaka. Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha muziki, dansi, filamu na maigizo. Tamasha la maigizo la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959, limekuza vipaji vingi. Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kimefundisha muziki, dansi na maigizo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Hatua za kufuata kwa ufupi

Wiki hii: andika kwa nini unataka kuhama. Kama sababu kubwa ni kufeli somo moja au kugombana na mwalimu, shughulikia hilo kwanza.

Mwezi huu: jiunge na kwaya au kikundi chochote cha maigizo ulipo, ufanye mazoezi kwa ratiba. Ukiona mwezi mmoja wa mazoezi ya kila siku umekuchosha, umejifunza jambo muhimu bila kupoteza ada.

Kabla dirisha halijafungwa: ongea na ofisi ya udahili, afisa mikopo na mshauri wa wanafunzi. Pata majibu kwa maandishi.

Kisha: tembelea chuo unachokitaka, au piga simu. Uliza wanafunzi wa mwaka wa pili, maana hao wanajua mazuri na magumu ya chuo chao.

Mwisho: kaa na familia ukiwa na karatasi yako ya safu mbili. Amueni njia moja kati ya zile tano, na andikeni tarehe ya kila hatua.